Kuzunguka Saadani kwa gari kwa siku moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mtu anaposikia kwamba kuna hifadhi ambapo twiga na bahari vinaonekana kwa mtazamo mmoja. Nimeyapanga kuanzia ya mtu ambaye hajawahi kufika hadi ya aliyekwisha kukwama huko mara moja. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, nimekuelekeza huko badala ya kurudia.

## Kabla hujafunga safari

Saadani iko wapi, na ni hifadhi ya namna gani?

Iko kwenye mwambao wa Tanzania bara, kaskazini ya Bagamoyo na kusini ya Pangani, mkabala na kisiwa cha Unguja. Ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, na mwaka 2005 ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lililokuwa ranchi ya Mkwaja upande wa kaskazini na msitu wa Zaraninge upande wa kusini vyote vimo ndani yake, na kwa jumla ukubwa wake unazidi kidogo kilomita za mraba 1,000. Msimamizi ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na katika hifadhi zote za TANAPA ni hii pekee inayogusana na Bahari ya Hindi.

Siku moja inatosha?

Inatosha kama umelala karibu. Haitoshi kama umeamkia Dar es Salaam.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka Dar utatumia saa nne hadi tano mpaka uingie hifadhini, na nyingine kama hizo kurudi. Hapo umebakiwa na saa tatu za mchana, jua likiwa utosini na wanyama wote wamejilaza vichakani. Utarudi ukisema Saadani haina wanyama, kumbe uliwatembelea wakati wa usingizi. Lala kijijini Saadani, Pangani, au kwenye kambi zilizo ndani na kando ya hifadhi, kisha hiyo siku moja yako ianze alfajiri.

Nitaona simba wakitembea ufukweni?

Karibu kwa hakika, hapana. Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na ndilo linalowaharibia watu safari, kwa sababu wanakuja na picha moja kichwani na kuikosa.

Simba wapo, lakini wachache na hawajazoea magari kama wale wa Serengeti. Tembo wapo pia, nao ni waoga, hujificha kwenye vichaka na mara nyingi utaona kinyesi na matawi yaliyovunjwa kabla hujawaona wenyewe. Utakaowaona bila shida ni twiga, ngiri, kuro, kongoni, tohe, nyani na tumbili. Ukipata bahati kidogo, nyati na nyumbu. Ukipata bahati kubwa, palahala au tandala.

Kama hujawahi kuona simba maishani na una nafasi ya safari moja tu, nenda kwingine. Saadani ni ya mtu anayefurahia kuona twiga akichuma majani ya mgunga, na dakika ishirini baadaye anasikia mawimbi.

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, sehemu kubwa ya njia za ndani hazipitiki, na sababu yake utaisoma kwenye swali la udongo mweusi. Vuli ya Novemba na Desemba ni kamari: mvua moja ya usiku inaweza kukufungia njia iliyokuwa wazi jana.

Mimi napenda Julai. Kuna ubaridi, nyasi zimeanza kupungua, na pale palipochomwa moto mapema kwa mpango wa hifadhi majani mabichi yanachipua na kuvuta wanyama.

## Njia na gari

Nipite njia ipi?

Ziko tatu.

Ya kwanza, na ya uhakika zaidi, ni barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera. Unaiacha Mandera na kuingia mashariki kwenye barabara ya vumbi ya kilomita zipatazo 60 hadi kijiji cha Saadani. Anayetoka Dar hana haja ya kupita Chalinze: apite Bagamoyo, achukue lami ya kilomita 64 hadi Msata, kisha ageuke kaskazini.

Ya pili ni ya kutoka Pangani, ng'ambo ya mto, kupitia Mkwaja na kuingilia geti la Madete. Hii ni nzuri kwa anayetoka Tanga, na ndiyo ninayoipenda kwa sababu bahari iko karibu nawe sehemu kubwa ya njia.

Ya tatu ni ya kukata moja kwa moja kutoka upande wa Bagamoyo kuvuka mto Wami chini huko pwani. Kwenye ramani inaonekana fupi mno, na ramani ndiyo inayowaponza watu. Barabara ya pwani ya Bagamoyo hadi Tanga imekuwa katika ujenzi kwa vipande, kwa hiyo iulizie siku moja kabla ya kuondoka. Muulize dereva aliyepita juzi, maana aliyepita mwaka jana hatakusaidia.

Lazima niwe na fowili?

Kufika kijijini wakati wa kiangazi, hapana. Watu wanafika hata kwa Noah. Kuzunguka ndani, ndiyo. Hata kiangazi, gari la chini litagonga tumbo kwenye matuta ya nyasi katikati ya njia na litazama kwenye mchanga ukikaribia bahari. Kama gari lako ni dogo, liache ulikolala na ukodi gari la kuzungukia.

Huo udongo mweusi unaosemwa una nini?

Hapa ndipo penye Saadani yenyewe, kwa hiyo vumilia jibu refu.

Mabonde ya nyasi ya hifadhi hii yamelala juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wengi huuita udongo wa mbuga. Ukikauka unapasuka nyufa unazoweza kutumbukiza mkono, na ni mgumu kama saruji. Ukilowa unavimba, nyufa zinajifunga, maji hayapiti tena kwenda chini, na juu kunakuwa na utelezi wa sabuni. Unang'ang'ania tairi mpaka kashata zote zinajaa na tairi linakuwa laini kama chupa. Hapo fowili haikusaidii: magurudumu yote manne yanazunguka pamoja, na gari linakwenda ubavu.

Dalili ya kuangalia ni rangi. Njia ikiwa nyekundu au ya kichanga, endelea hata kama kuna dimbwi. Ikigeuka kijivu cheusi na inang'aa, simama, shuka uiangalie bila kwenda mbali na gari, kisha amua. Nimewahi kudharau kipande cha mita thelathini tu cha namna hiyo kwa kuwa nilikuwa naona upande wa pili pakavu. Nilikaa pale kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na waliponitoa waliniuliza kwa upole tu kama sikuona rangi.

Mchanga wa karibu na bahari una tabia nyingine kabisa. Ule hupenda tairi lililopunguzwa upepo na mwendo usiokatika. Ukianza kuzama usikanyage mafuta. Kila unavyozidisha ndivyo unavyojichimbia.

Mafuta, pancha, mtandao wa simu?

Jaza tangi kabla hujaacha lami, au Pangani kama unatokea kaskazini. Ndani hakuna kituo cha mafuta. Beba spea iliyojazwa upepo (wengi huibeba bila kuikagua), jeki na kipande cha ubao wa kuiwekea chini isizame, beleshi, kamba ya kuvutia, na maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani utahitaji. Mtandao unashika karibu na kijiji na kwenye miinuko, na unapotea mabondeni. Mwambie mtu ulikolala unapita wapi na unarudi saa ngapi.

## Getini

Kiingilio kinalipwaje?

Kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia simu au kadi. Usije na bahasha ya noti ukidhani mambo yatamalizika dirishani. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, lakini ni lazima aonyeshe kitambulisho; asiyenacho anajiweka kwenye hatari ya kuhesabiwa mgeni. Gari nalo lina ada yake. Viwango hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia vya mwaka wa fedha uliopo kabla ya kusafiri.

Naweza kuzunguka mpaka saa ngapi?

Kuendesha gari usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Panga uwe umetoka au umefika kambini jua linapozama, yaani saa kumi na mbili na nusu hivi. Huku pwani giza halichelewi. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 50 kwa saa, ingawa anayekwenda 50 hataona kitu. Ishirini ni mwendo wa mtu aliyekuja kutazama.

Lazima nichukue mwongozaji?

Ukiwa ndani ya gari lako, si lazima. Mchukue hata hivyo. Alama za njia ni chache, njia nyingine zimefunikwa na nyasi, na yeye anajua ni bonde lipi limekauka na lipi bado. Kutembea kwa miguu porini ni habari nyingine: hapo askari wa hifadhi mwenye silaha ni lazima.

Pikipiki?

Kwa utalii, hapana. Bodaboda utakazopishana nazo ni za wanakijiji kwenye barabara inayokwenda kwao.

## Mzunguko wenyewe

Nianzie wapi na nimalizie wapi?

Watu wengi hufanya makosa ya kuanza na bahari kwa sababu ndiyo waliyoifuata. Bahari haikimbii. Wanyama ndio wanaoondoka.

Saa kumi na mbili asubuhi uwe tayari kwenye mabonde ya nyasi ya ndani, upande wa magharibi ya kijiji. Jua litakuwa linatokea baharini, mgongoni kwako, na kila kilichoko mbele yako kimeangaziwa vizuri. Kuro na tohe wako wazi wakati huo, na kama kuna simba aliyewinda usiku, ndiyo saa yake ya kutafuta kivuli. Kaa huko mpaka saa tatu na nusu au nne.

Kuanzia hapo joto linaharibu kila kitu, kwa hiyo geuza gari kuelekea pwani: ufukwe wa Madete ikiwa umechagua kaskazini, au kijijini na mashamba ya chumvi ukichagua kusini. Usijaribu vyote viwili. Mchana kula na kupumzika kijijini. Kamba wa pwani hii wana sifa yao, na ukiwapata wametoka majini asubuhi hiyo hutahitaji kiungo zaidi ya limau na chumvi.

Alasiri ni ya safari ya boti kwenye mto Wami, ila saa yake haipangwi na wewe. Soma swali linalofuata.

Mbona kila mtu anauliza habari za maji kujaa na kupwa? Mimi nimekuja na gari.

Kwa sababu nusu ya unavyovitazama hapa hufuata saa ya bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hali ile ile hurudi ikiwa imechelewa kama dakika hamsini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ni ndogo.

Kwenye mlango wa Wami, maji yakipwa tope linabaki wazi na ndege wanashuka kula, jambo zuri kwa mtazamaji, lakini boti huenda isipite kwenye vijito vya mikoko. Yakijaa, boti inaingia popote, na ndege wanapanda mitini. Mimi huchagua maji yanayojaa, kama saa mbili kabla hayajafika kilele: tope bado lipo, na boti haiwezi kuachwa kwenye mchanga. Kijijini muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama kitabu.

Wami nitaona nini?

Viboko na mamba, kwa uhakika zaidi kuliko mnyama yeyote wa nchi kavu hapa. Juu yao furukombe, kulasitara, wadiria wa rangi tofauti, na mbega kwenye miti mirefu ya kingo. Unavyoteremka kuelekea baharini, miti ya maji baridi inaisha na mikoko inaanza, na mpaka wenyewe unaonekana kwa macho. Safari ya boti inapangwa na kulipiwa mapema, si kwa kujitokeza ukingoni.

Ni kweli kulikuwa na ranchi ya ng'ombe humu?

Kweli. Ranchi ya Mkwaja ilianzishwa miaka ya 1950 na ikafungwa mwaka 2000. Ilikuwa na maelfu ya ng'ombe, na ilishindwa na mambo mawili: mbung'o, na migunga iliyoota kwa wingi mpaka malisho yakawa vichaka. Ukipita kaskazini utaiona migunga hiyo hadi leo, imesimama kwa msongamano usio wa kawaida, na sasa inalisha twiga.

Wala ranchi haikuwa ya kwanza kupata somo hilo. Saadani ilikuwa bandari ya misafara kwenda bara, na mwaka 1877 mmisionari Alexander Mackay alisimamia ukataji wa njia ya mikokoteni kutoka hapa hadi Mpwapwa. Njia ilikatwa. Ng'ombe wa kukokota hawakustahimili mbung'o. Ndiyo maana mimi huwa sipendi kumlaani sana mdudu huyu: bila yeye, pori hili lingekuwa zizi.

Sawa, lakini huyo mbung'o ananiuma. Nifanyeje?

Usivae bluu iliyoiva wala nyeusi, rangi hizo zinamvuta. Vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu. Funga vioo ukipita kwenye vichaka vya migunga, kwani hufuata gari linalotembea na kuingia. Dawa za kupaka za mbu hazimtishi sana. Akishaingia, mpige kwa kitambaa na umfikiche kabisa. Ukimpiga kofi moja anaamka. Dawa yako ya mbu itumie jioni, kwa ajili ya malaria.

Kasa wa Madete wanaonekana mchana?

Hapana. Kasa hupanda ufukweni usiku kutaga, na mayai, mara nyingi zaidi ya mia kwa shimo moja, huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Mchana unachoweza kuona ni alama za kujiburuta mchangani na eneo ambapo mayai yaliyokuwa hatarini huhamishiwa na kulindwa. Ukibahatika kuwepo watoto wanapotolewa, zima taa na usiwashe mwanga wa kamera. Wao hufuata mwanga, na mwanga wanaopaswa kuufuata ni wa bahari.

Heroe (flamingo) wako wapi?

Kwenye mabwawa ya chumvi ya karibu na kijiji, na kwenye tope la mlango wa mto. Siku nyingine mamia, siku nyingine hakuna hata mmoja. Mabwawa ni kazi ya watu, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuyakaribia.

Kijijini kuna cha kutazama?

Kuna mabaki ya boma la Wajerumani, makaburi ya zamani, na historia ambayo wageni wengi huipita bila kujua. Huu ulikuwa mji wa Bwana Heri, mtawala aliyewapinga Wajerumani katika vita vya 1888 na 1889 wakati Abushiri akipigana nao upande wa Pangani na Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea hadi mwaka uliofuata ndipo akaweka silaha. Kijiji kimezungukwa na hifadhi lakini ni nyumbani kwa watu. Salimia kwanza, na kamera iombewe ruhusa.

## Mambo ya pembeni

Naweza kuendesha gari ufukweni?

Usifanye hivyo. Tairi linaponda mayai ya kasa ambayo huyaoni, na bahari ikijaa haisubiri uchimbue gari. Mchanga ulio mgumu wakati wa maji kupwa hulainika kabla maji hayajafika, kwa kuwa maji huanzia chini.

Kuogelea je?

Mbele ya kijiji na kambi, ndiyo. Karibu na mlango wa Wami, hapana: mamba hawajali maji ya chumvi. Maji ya ufukwe huu mara nyingi ni ya rangi ya chai kwa tope la mto, kwa hiyo anayetaka maji ya kioo avuke Unguja.

Tembo amesimama katikati ya njia. Nipige honi?

Hapana. Simama mbali, usizime injini, na usubiri. Akitanua masikio na kukutazama, rudi nyuma polepole. Kama kuna mtoto kati yako na mama yake, rudi haraka zaidi.

Nimekuta mtego wa waya. Niutegue?

Usiuguse, na usishuke. Weka alama ya mahali kwenye simu, hata bila mtandao ramani huonyesha ulipo, kisha watangulie kuambiwa askari wa hifadhi kabla hujamsimulia mtu mwingine. Pale penye mtego mmoja mara nyingi ipo mingine, na askari wanapenda kumkuta aliyeitega.

Makombe ya baharini, naweza kuokota mawili matatu ya kumbukumbu?

Hata moja. Hifadhini hakitoki kitu, liwe pembe, unyoya au kombe. Mfuko wa plastiki nao usiingie nao. Nchini ulipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Droni?

Bila kibali cha maandishi kilichopatikana kabla, hapana.

Gari limekwama na jua linazama. Nitembee kwenda kijijini?

Baki ndani ya gari, hata kama unaona moshi wa kijiji. Piga simu ya geti uliyoichukua asubuhi ulipoingia (ndiyo, iandike kwenye karatasi, simu huisha chaji), na kama hakuna mtandao, subiri. Uliyemwachia habari ya njia yako ataanza kuuliza, na askari watafuata njia hiyo. Washa taa kwa vipindi ili usimalize betri, funga vioo kwa ajili ya mbu ukiacha upenyo, na kama umeegesha penye udongo mweusi huku mawingu yakijikusanya, tumia dakika za mwisho za mwanga kuokota matawi makavu yaliyoanguka karibu kabisa na gari na kuyasukumia chini ya magurudumu. Mvua ikishanyesha, hata trekta litakuwa na kazi asubuhi.